Muulize Bibi Shamba: Mahindi yako ndani, sasa nani anakula kwanza?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za jambo moja. Mwezi wa tatu mlikuwa mnaniuliza viwavijeshi, sasa mahindi yameingia ndani na kilio kimehamia ghalani. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni afisa ugani mstaafu, nimezeekea Kongwa, na siku za soko Kibaigwa napenda kusimama kando ya wanunuzi wanapochoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje za kukagua. Bambo likitoka, punje zinamwagika kiganjani mwa mnunuzi, anazipuliza. Unga ukiruka, bei imeshashuka kabla mwenye mzigo hajafungua mdomo. Kwa hiyo ninayowajibu hapa si ya chakula cha nyumbani tu.

Swali: Shikamoo Bibi Shamba. Marehemu baba alihifadhi mahindi na maganda yake juu ya dari ya jiko, hakutia dawa, na tulikula mpaka masika. Mimi nimefanya vilevile. Mwaka jana Oktoba nilipanda darini nikakuta magunzi na unga. Mume wangu anasema tatizo ni mbegu hizi za dukani. Ni kweli? (Mama wa watoto wanne, Kiteto)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mume wako amepatia nusu.

Baba yako hakuwahi kupambana na adui uliye naye wewe. Yeye alikuwa na fukusi, mdudu mdogo anayetoboa punje, na ganda lililofunika hindi mpaka nchani lilimzuia fukusi kiasi cha kutosha, moshi wa jiko ukamalizia. Dumuzi, mdudu mwingine wa ghalani, hakuwapo. Huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na huku kwetu alianza kusumbua Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima wakaona mahindi na makopa ya muhogo yanageuka unga kwa kasi ambayo hawajawahi kuiona, wengine wakambatiza jina la scania. Akasafiri na magunia ndani ya malori. Mwaka 1983 alishafika Taveta, upande wa Kenya, na wapo wenzetu wa huko wanaomwita Osama. Watafiti waliopima maghala ya wakulima wa Tanzania miaka hiyo walikuta mahindi yaliyohifadhiwa kwenye magunzi yamepoteza hadi theluthi ya uzito kwa miezi mitatu hadi sita tu.

Usiniamini kwa maneno. Chukua ule unga wa darini, uchekeche juu ya sinia jeupe, usogee dirishani. Fukusi utamjua kwa pua yake ndefu na madoa manne yaliyopauka mgongoni. Dumuzi ni mfupi, wa mviringo, kahawia iliyokolea, kichwa amekiinamisha kiasi kwamba ukimtazama kutoka juu hukioni, na nyuma amekatika wima. Wote wawili ni wadogo kuliko punje ya mchele. Fukusi huacha tundu la duara kwenye punje. Dumuzi huacha unga, na unga mwingi kiasi hicho usingetoka kwa fukusi peke yake.

Sasa, kwa nini gunzi? Dumuzi akitaka kutoboa anahitaji kitu kisichocheza chini yake. Punje iliyoshikamana na gunzi imetulia, anaingia moja kwa moja na kuhamia ya pili bila kutoka nje. Ukipukuchua, punje zinateleza, kazi inakuwa nzito kwake. Hafi, ila anapungua kasi. Na faida kubwa zaidi ni kwamba mahindi yaliyopukuchuliwa unaweza kuyachanganya na dawa ikafika kila punje. Mahindi yenye maganda utayanyunyizia nini? Dawa inabaki juu ya ganda, mdudu yumo ndani anakula. Ndiyo maana tulipita vijiji na vijiji kuwaambia watu: pukuchua, kausha, tia dawa, kisha hifadhi. Wazee walitukatalia sana, na niliwaelewa, maana dari ya jiko iliwalea.

Kuhusu nusu ya mume wako: mbegu chotara kadhaa zina ganda fupi linaloacha ncha wazi, na punje laini kuliko zile ngumu za zamani. Fukusi huwa hangojei ghala. Huanza kutaga shambani mahindi yakiwa yanakauka kwenye mabua, na ncha iliyo wazi ni mlango kwake. Wakati wa kuvuna yatenge mahindi yote ambayo ganda limefunguka au ncha imeshatobolewa. Hayo ndiyo ya kula kwanza. Ukiyachanganya na mazima, umeingiza mbegu ya wadudu kwa mkono wako.

Jambo la mwisho kwako: hiyo dari. Dumuzi anaishi hata ndani ya miti na fito kavu. Usipoishughulikia, mahindi mapya yatakuta wenyeji wanasubiri. Shusha kila kitu, fagia mpaka kwenye nyufa, magunzi na pumba za mwaka jana choma moto. Magunia ya zamani yatumbukize kwenye maji yanayochemka, uyaanike. Kama una makopa, usiyaweke chumba kimoja na mahindi.

Swali: Bibi, huku kwetu tunavuna kukiwa na ukungu na manyunyu. Nitajuaje mahindi yamekauka kiasi cha kufungwa? Mama mkwe anauma punje kwa jino tu. (Mkulima kijana, Mbozi)

Jibu: Jino la mama mkwe lisidharauliwe. Punje kavu hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea. Lakini jino halitofautishi vizuri kati ya unyevu wa 16% na 13%, na hapo katikati ndipo ukungu na wadudu wanapostawi.

Tumia chumvi. Tafuta chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Chukua chumvi ya kawaida, ikaange kidogo kwenye sufuria ili iwe kavu, iache ipoe. Jaza mahindi kama robo ya chupa, tia chumvi vijiko viwili au vitatu, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu, kisha iweke chupa itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi 15%. Ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, yako chini ya hapo. Hata hivyo usikimbilie kufunga. Yaongezee jua, siku moja au mbili kwa hali yenu ya Mbozi, maana lengo ni 13% au karibu na hapo. Ghala la chama cha ushirika likiwa na kipima unyevu, peleka kopo moja wakupimie.

Kuanika ni kwenye turubai, si chini kwenye vumbi. Tandaza tabaka jembamba, vidole viwili vya unene, geuza mara kwa mara, jioni funika kabla umande haujashuka. Na yakitoka juani yaache yapoe ndipo uyafunge. Mahindi ya moto yakifungwa hutoa jasho, asubuhi yake utaona matone kwenye ukuta wa mfuko.

Swali: Shikamoo. Bwana shamba wetu anasisitiza tununue mifuko ya PICS. Bei ya mmoja napata mifuko ya salfeti kadhaa. Ni biashara ya watu tu au inafaa kweli? (Baba wa familia, Babati)

Jibu: Marahaba. Inafaa, tena bila dawa yoyote, ila kwa sharti kwamba utaifunga inavyotakiwa. Nimeona watu wananunua mfuko mzuri kisha wanaukunja mdomo kama wa sukari ya dukani. Huo ni salfeti ghali.

Mfuko huu una tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nene ndani, na wa nje ni salfeti ya kawaida. Kazi ilianzia kwenye kunde, Kameruni, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakitafuta njia ya mkulima asiye na hela ya dawa kila msimu. Ukishafunga, wadudu waliomo wanavuta oksijeni iliyobaki na kutoa hewa ukaa. Oksijeni inapungua, wanaacha kula. Mdudu wa nafaka hanywi maji mahali popote, anayatengeneza mwilini kutokana na chakula akitumia oksijeni. Hewa ikimwishia, anakauka. Hata funza aliyejificha ndani ya punje, ambaye dawa ya unga haimfikii, humu hana pa kukimbilia.

Kujaza kuna utaratibu. Kwanza puliza kila mfuko wa ndani, ubane mdomo, usikilize na uukandamize. Ukitoa hewa una tundu, usiutumie. Ingiza mmoja ndani ya mwenzake, kisha yote miwili ndani ya salfeti. Mahindi yapepetwe vizuri, kipande cha gunzi au kijiti kinatoboa nailoni. Jaza ukishindilia kidogokidogo ili hewa itoke, uache shingo ndefu ya kutosha. Sokota shingo ya mfuko wa ndani kabisa mpaka ikaze, ikunje irudi chini, funga kwa mpira wa tairi. Fanya hivyohivyo kwa wa pili, kando yake. Mwisho funga salfeti. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, na usifungue kwa wiki kadhaa za mwanzo. Ndiyo, najua watoto wa kaka watafika na kuomba debe. Waambie wachukue kutoka gunia jingine.

Maana hilo ndilo kosa la kawaida: familia inaufungua mfuko uleule kila jumamosi kwenda mashineni. Kila ukifungua umewapa wadudu pumzi. Panga hivi: ya kula miezi miwili mitatu ya mwanzo yaweke kwenye salfeti ya kawaida, yanayosubiri Januari na Februari ndiyo yaingie PICS. Kwa huku kwetu katikati ya nchi ndiyo miezi ya bei nzuri na ya njaa kwa pamoja.

Dumuzi anaweza kuitoboa nailoni, sikufichi, na panya ndiyo usiseme. Mfuko ukitunzwa unatumika zaidi ya msimu mmoja, na uliotoboka ndani unautoa, unanunua wa kubadilisha. Lakini sikiliza: mahindi mabichi usiyatie humu kabisa. Yatachacha, na ukifungua, harufu itakukimbiza wewe badala ya wadudu.

Je, kila mtu anunue? Mwenye magunia matatu atakayoyala kabla ya Novemba, simlazimishi. Mwenye kusubiri bei, ndiyo, na asisubiri nimshawishi.

Swali: Nilitia dawa ya unga Julai, Septemba wadudu wamejaa. Muuzaji aliniambia ni dawa bora. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Songea)

Jibu: Inawezekana, feki zipo. Nunua duka lenye kibali, dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi na udai risiti. Ukiona dawa inapimwa kutoka kwenye ndoo na kufungwa kwenye kigazeti, ondoka.

Ila kabla hatujamhukumu muuzaji, nijibu. Ulipima kwa mizani au kwa kijiko cha chai? Ulichanganya au ulimwaga juu ya gunia ukapigapiga ubavuni? Mahindi yalikaa siku ngapi ndani kabla ya dawa? Dawa ya unga inamuua mdudu anayetembea juu ya punje. Yai na funza walio ndani ya punje haiwagusi, na fukusi huchukua kama wiki tano kutoka yai mpaka mdudu kamili. Ukichelewa, watakaotoka ni wengi na watakuwa wameshaharibu punje walimolelewa. Tia dawa mara tu baada ya kupukuchua na kukausha.

Tena chagua dawa yenye viambato viwili. Actellic Super, kwa mfano, ina pirimifosi-methili na pamethrini: cha kwanza kinamweza fukusi lakini ni dhaifu kwa dumuzi, cha pili kinamweza dumuzi lakini ni dhaifu kwa fukusi. Ndiyo maana vimewekwa pamoja, na ndiyo maana dawa ya zamani yenye kimoja ilianza kutuangusha dumuzi alipoingia. Kipimo chake ni gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Nyingine zina kipimo tofauti, hivyo soma kibandiko cha hiyo uliyoshika wewe, usifuate cha jirani. Hapohapo kwenye kibandiko utaona unatakiwa kusubiri muda gani kabla ya kula.

Mwaga gunia moja juu ya turubai, nyunyiza dawa uliyoipima, geuza kwa beleshi mpaka punje zote ziwe na vumbi, kisha rudisha guniani ndipo uende kwenye la pili. Ziba pua na mdomo, simama upande upepo unakotoka, watoto wawe mbali. Na nguvu ya dawa haidumu milele, hasa chini ya bati la moto. Kila baada ya wiki mbili ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, utoe konzi uikague. Juu ya gunia hapakuambii kitu.

Swali: Jirani anatuuzia vidonge vya kijivu, kimoja shilingi kidogo tu, unafukia ndani ya gunia na kufunga. Wadudu wanakufa kweli? Magunia yako chumbani tunamolala na watoto. (Mama, Kahama)

Jibu: Mama, acha kusoma. Wahamishie watoto chumba kingine sasa hivi, fungua milango na madirisha, usirudi kulala humo.

Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaua watu, haina dawa ya kuikata, na kuna familia zilizolala karibu na magunia ya namna hiyo hazikuamka. Ni kazi ya wataalamu wenye vifaa, kwenye ghala lisilokaliwa, chini ya turubai maalumu linalobana gesi. Salfeti haibani chochote: gesi inatoka kuja kwenu, fukusi anabaki. Usiyachokore magunia kutafuta vidonge wewe mwenyewe, mwite afisa kilimo wa kata. Mtu akiumwa kichwa, akatapika au akabanwa kifua, ni hospitali bila kungoja, na waeleze ni vidonge vya kuhifadhia nafaka.

Jirani mwambie nimesema aache hiyo biashara.

Swali: Majivu na mwarobaini vinatosha? Sipendi kemikali. (Msomaji, Lushoto)

Jibu: Majivu yanafanya kazi, kwa fukusi zaidi kuliko dumuzi. Yanakwaruza ngozi ya mdudu, anapoteza maji, na yanajaza nafasi kati ya punje akashindwa kutembea. Watu wanakosea kipimo. Konzi mbili kwenye gunia ni kujifurahisha. Fikiria kilo tano na zaidi kwa gunia la kilo 100, yaliyochekechwa, makavu, ya kuni safi na si ya takataka za plastiki. Ndiyo maana mimi nayapenda kwa ndoo ya mbegu, au kunde kidogo, si kwa magunia kumi. Majani ya mwarobaini yaliyokaushwa yanafukuza kiasi, lakini kama dumuzi ameshaingia usiyategemee. Wewe usiyependa kemikali, jibu lako liko kwa yule baba wa Babati.

Swali: Yaliyotobolewa tuyafanye nini? Mume anasema tuwape kuku, mengine tupikie pombe. (Dodoma Vijijini)

Jibu: Tundu peke yake si sumu. Pepeta, chambua, osha, koboa, ule. Ninachoogopa ni ukungu unaoingia kupitia tundu hilo. Punje yenye rangi ya kijani, nyeusi au iliyosinyaa na kunuka ina hatari ya sumukuvu, na hiyo haiishi kwa kupika wala kwa kuchemsha pombe. Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na Kenya mwaka 2004, sehemu za Makueni na Kitui, walikufa zaidi ya 100. Kuku nao wanadhurika. Zichambue punje hizo kwa mkono mchana wenye mwanga, uzifukie au uzichome.

Mwisho, kwa ndugu wa Mpwapwa aliyeuliza kuhusu panya: sumu ya panya usiiweke karibu na chakula. Inua kihenge kifike kiunoni, kila mguu uvalishe koni ya bati iliyotazama chini, kata matawi yanayogusa paa, na ngazi uiondoe kila ukishuka. Paka naye umwache na njaa kidogo.